Hitima ya Mtu Aliye Hai

Baba yangu Saidi, mwana wa Bibi Zaituna,

Shikamoo baba. Leo nakuamkia mara mbili: ya kwanza ni ya kila siku, ya pili ni ya mtu aliyekukosea. Mgongo je? Na macho, bado unatunga uzi kwenye sindano bila miwani ili uwatambie wanawake wanaokuletea cherehani? Mama kikohozi kimemwachia, au bado anajidai ni vumbi tu? Nauliza yote haya kwa pupa kwa sababu wiki tano sijauliza lolote. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, na usingizi napata ninapoupata. Kinachonisumbua ni aibu, nayo haina dawa.

Naomba barua hii uisomee kwenye banka lako, kibandani kwako pa kazi, pale nyuma ya meza ya spana. Usiipeleke nyumbani kwanza, na usimpe Mwanacha akusomee. Dada yangu namjua, atasoma kwa sauti mpaka majirani watie neno, na hili si la majirani. Aliyekuletea ni mtu wa Pemba ya kwetu Msumbiji ambaye nilifanya naye kazi Ureno kabla sijahamia huku Uhispania. Anarudi kwao, na ameniapia kwamba atapanda mwenyewe basi la chapa mpaka Palma akutie mkononi. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema.

Najua mmenitafuta. Simu yangu haikuibwa, haikuingia maji, wala mimi sikukamatwa. Niliizima kwa mkono wangu mwenyewe nikaifukia ndani ya begi, chini ya nguo za baridi. Sababu yake ndiyo hii ninayokuja kukueleza, na nitaieleza polepole kwa sababu naiogopa.

Nianze na majivuno, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Huku mchana tunachuma pilipili hoho kwenye mabanda ya plastiki, na jioni tukitoka, wanaotaka huenda skola ya watu wazima kujifunza Kihispania. Siku ya kwanza mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo anayeitwa Remedios, aliniuliza nimefikaje pale. Nikamjibu kwa Kihispania chako cha Kuba, na basi la abiria nikaliita guagua, kama unavyoliita wewe. Darasa zima likacheka. Akaniuliza, "Kikuba hiki umekitoa wapi, wewe mtu wa Msumbiji?" Nikavimba kifua. Nikamwambia baba yangu alipelekwa Kuba akiwa mtoto pamoja na watoto wengine wa nchi yetu, akasomeshwa huko, akarudi na ufundi na lugha, na ni yeye aliyenifundisha. Tangu siku hiyo wewe ukawa mtu maarufu pale darasani. Walikuwa wakiniuliza habari zako kabla ya zangu.

Kwa ajili ya mdomo huo mwalimu akanipandisha darasa la juu. Huko nikakutana na watu wawili ambao lazima uwajue. Mmoja ni Mzee Bubakari, Mgambia, mwenye ndevu nyeupe na kisukari, aliyekaa nchi hii miaka mingi akichuma mboga na sasa ndiyo anajifunza kuandika lugha aliyoisema muda wote huo. Wa pili ni Naima, Mmoroko, msichana wa makamo yangu, mkali wa maneno, anayefanya usafi kwenye nyumba za watu. Hao ndio waliokuwa ndugu zangu huku. Nasema waliokuwa, utaona kwa nini.

Kazi ya darasa hilo ilikuwa moja tu: oraciones subordinadas, zile sentensi tegemezi ulizonichorea kwenye kaderno, lile daftari la jalada la buluu lililonuka mafuta ya mashine. Unakumbuka? Ulikuwa barazani, umefungua tumbo la cherehani ya mke wa mwadhini, ukaniambia: "Sikiliza, chico. Sentensi kuu ni mwenye nyumba. Anajitosheleza. Subordinada ni mgeni. Ukimkuta peke yake barabarani humwelewi, itabidi umuulize anakwenda kwa nani. Na wageni wako wa aina tatu."

Wa kwanza ukamwita sustantiva, anayekalia kiti cha jina. Sé que vendrás, najua kwamba utakuja. Najua nini? Hicho unachokijua ndiye mgeni mwenyewe. Wa pili ni adjetiva, anayesimama ubavuni mwa mtu au kitu akueleze ni kipi: la máquina que me trajeron, cherehani waliyoniletea. Hapo ulicheka, ukasema Kiswahili chetu kina ubahili, kinamkunja mgeni mzima kinamtia ndani ya kitendo. Wa tatu ni adverbial, na huyo ndiye mwenye maneno mengi. Anakuambia lini, wapi, kwa nini, kwa kusudi gani, kwa sharti gani, cuando, donde, porque, para que, si. Ulipofika kwenye aunque, ingawa, spana ikakuteleza ikakuchuna kidole, ukatukana kwa Kikuba, na mama akakujibu kutoka uani kwa Kiswahili. Somo likaishia hapo siku ile.

Basi mimi nikajiona nayajua. Kumbe najua kuyasema tu! Kuyaandika ni habari nyingine. Katika prova ya kwanza, mtihani wa kuandika, walituletea sentensi mbili mbili tuziunganishe, na nyingi zilitaka lile neno cuyo. Mwanamke ambaye cherehani yake imeharibika: la mujer cuya máquina. Cuyo linafuata kinachomilikiwa, halimfuati mwenye mali, mimi nikafuata mwenye mali ukurasa mzima. Na kwenye aunque nikachanganya jambo lililokwisha kutokea na jambo la kudhani tu. Karatasi ilirudi nyekundu. Naima akawa wa kwanza. Akanitazama akasema, "Wewe Mkuba, kumbe ni redio tu."

Jioni ile nikakutumia sauti nikasema, "Baba, nimekuwa wa kwanza."

Ukacheka kile kicheko chako cha kuvuta pumzi. Mwanacha akanieleza baadaye kwamba ulikwenda kusimulia msikitini, hata mwadhini akakupa mkono, na mama akapika vitumbua akawapelekea jirani. Nilipoambiwa habari ya vitumbua nilijisikia vibaya sana. Hapo ndipo ningesema ukweli, na ungenitania wiki mbili yakaisha. Sikusema.

Ikaja prova ya pili. Nilikuwa sijajiandaa, kwa sababu mtu aliyejitangaza wa kwanza anaona haya hata kumuuliza mwenzake swali. Nilimkuta mwalimu mlangoni na mafungu yake ya karatasi. Nilitaka kumwambia naumwa tumbo, lakini tumbo nilikuwa nimeshalitumia mwezi uliopita. Mdomo ukafunguka ukasema, "Mi padre ha muerto." Baba yangu amefariki.

Astaghfirullah. Nimeandika, baba. Sasa umeshayasoma, kwa hiyo kaa vizuri, kunywa maji, kisha uendelee.

Wewe! Wewe ambaye tulipokimbia vita Palma risasi zilikukosa, njaa ya porini ikakukosa, ukambeba mama alipochoka, tukatokea Quionga miguu yako imevimba na bado unanitania kwamba natembea kama bwana harusi. Yote hayo yalikukosa, mwanao ndiye aliyekupata. Na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kukwepa karatasi moja.

Mwalimu akanikumbatia. Akasema nisifanye prova, niende nikapumzike, na badala yake nimwandikie insha juu yako, ila nihakikishe aina zote tatu za subordinadas zimo. Nikaenda nikaiandika, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe: niliiandika vizuri. Kalamu ilikwenda yenyewe. Ilianza hivi: "Mi padre, que murió cuando empezaban las lluvias, arreglaba máquinas de coser. Decía que una máquina no muere, aunque la dejen bajo el agua." Baba yangu, aliyefariki mvua zilipokuwa zinaanza, alikuwa akitengeneza cherehani. Alikuwa akisema kwamba cherehani haifi, hata wakiiacha majini.

Maneno hayo ya cherehani ni yako kweli. Uliyasema tuliporudi mjini tukazikuta zile mashine za watu zimetupwa nje, zimekula mvua na kutu, na watu wanalia kwamba ndiyo basi. Ukaziosha moja moja kwa mafuta ya taa. Nikalichukua jambo lako zuri kuliko yote nikaliweka kaburini. Hata ile habari ya kufa ukiitoa, insha nzima inakusema alikuwa, alikuwa.

Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, sauti ikimkatika. Akaibandika ukutani. Mzee Bubakari akafuta macho kwa kofia yake. Naima hakunitania. Aliniuliza tu, "Mmeshamsomea hitima?" Nikasema kwetu wameshasoma. Akasema, "Na wewe huku peke yako? Haiwezekani."

Ikawa Jumapili, baada ya adhuhuri, chumbani kwa Mzee Bubakari. Walikuja watu kumi na wawili, wengine nilikuwa siwajui hata kwa sura, na kila mmoja aliacha siku yake pekee ya kupumzika kwa ajili yako. Wakagawana juzuu. Wali ulikuwa jikoni, harufu yake ya karafuu na nyama ya kondoo kama ya kwetu siku ya maulidi. Mzee akatoa karatasi akasema kila mtu aandike majina ya marehemu wake ili waombewe wote pamoja nawe, baba wa Amade. Naima akaandika jina la kaka yake, aliyepanda boti ya mpira kuja huku na hajaonekana mpaka leo. Mmali mmoja akaandika watatu. Karatasi ikanifikia. Mzee akanikumbusha, "Jina lake na jina la mama yake." Nikaandika kwa mkono huu huu: Saidi, mwana wa Zaituna.

 Nilimwona bibi vile alivyokuwa akikufungia kamba ya suruali hata ukiwa na mvi, anakuambia bado hujui kujifunga. Likasomwa jina lako baada ya kaka yake Naima. Wote wakasema amin, na mimi nikasema amin.

Kisha wali ukaja, nikala. Baba, nilikula wali wa hitima yako na wewe uko hai, na waliponiongeza sikukataa. Nakuambia hata hili kwa sababu nimejiapiza kwamba barua hii haitabakiza kitu.

Nilipotoka pale simu ikalia. Ikaandika Baba. Nilisimama barabarani naitazama mpaka ikanyamaza, halafu ukatuma sauti, nayo sikuifungua. Ningekujibu nini? Nimetoka kukusomea Yasini? Hapo ndipo nilipoizima. Na kadiri siku zilivyopita nikaogopa kitu kingine. Mama siku zote anasema mtu asitaje kifo cha mzima, ni uchuro, unamchuria. Nikaanza kuwaza kwamba maombi yale ya watu kumi na wawili wenye mioyo safi hayawezi kwenda bure, na kwamba siku nikiwasha simu nitakuta sauti ya Mwanacha badala ya yako, naye anasema kweli lile nililosema mimi kwa uongo.  Mpaka dakika hii ninapoandika, baba, sijui kama aliyeandikiwa barua hii yupo kuisoma.

Ijumaa ya kabla ya hii iliyopita, tukitoka msikitini, Mzee Bubakari alinishika mkono. Akaniambia arobaini yako inakaribia, ameshaomba ruhusa, watu watakuja tena. Uso wake niliuona umenyauka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Siumwi. Nimefunga Jumatatu na Alhamisi, thawabu zake nimempa baba yako. Mtu aliyemfundisha mwanawe lugha ya mbali namna ile, natamani ningemjua."

Mzee wa kisukari, baba. Anafunga, kisha anainama kutwa kwenye joto la plastiki.

Nikamwambia, "Mzee, usifunge tena. Baba yangu hajafa."

Hakuelewa. Nikarudia. Akavua kofia, akapangusa kichwa, akaivaa tena. Watu walikuwa wanapita wanampa salamu naye anaitikia. Halafu akaniuliza, "Yeye anajua?"

"Nani?"

"Baba yako. Anajua kwamba umemuua?"

Nikasema hajui, simu nimeizima tangu siku ya hitima, nitaiwasha sasa hivi nimpigie nimwombe radhi. Akatikisa kichwa. "Simu hapana. Kwenye simu utalia, naye atakuonea huruma akusamehe kabla hajajua anasamehe nini. Andika. Andika yote, hata yale ya kipuuzi. Na simu yako usiiwashe mpaka umemaliza, usije ukaandika kwa furaha ukapunguza, au kwa msiba ukazidisha." Nikamuuliza, "Na wewe, mzee, utanisamehe?" Akasema, "Mimi nina njaa. Acha nile kwanza, tutazungumza." Hajazungumza nami bado, ila jana amenitumia mtu na tende chache, sijui maana yake ni nini.

Kabla hatujaachana aliniamuru nikawaambie wenyewe darasani, na Jumatatu nikasimama mbele yao.  Nilitaka kuanza na porque, kwa sababu hivi, kwa sababu vile, nikaona mwalimu ananitazama, nikaacha. Nikasema, "Mi padre está vivo. Mentí." Baba yangu yuko hai. Nilidanganya. Nikakaa.

Mwalimu alikwenda ukutani akaibandua insha taratibu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba prova ile nina sifuri, na kwamba nirudi darasa la chini nikaanze upya na waliofika juzi. Huko ndiko niliko sasa, najifunza kusema jina langu ni nani. Kila aliye pale anaongea vibaya kuliko mimi, na kila aliye pale naona haya kumtazama.

Lakini la Naima ndilo lililoniumiza. Alishika mdomo, akasema, "Yuko hai? Alhamdulillah. Basi katika majina yote yale, mmoja amerudi." Alisema kwa furaha ya kweli, baba, macho yanang'aa. Halafu furaha ile ikamtoka mbele yangu, akachukua mkoba akatoka. Tangu siku hiyo tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Simlaumu. Jina la kaka yake nililiweka karatasi moja na mchezo wangu.

Karatasi ile Mzee alikuwa ameihifadhi ndani ya msahafu. Siku ile ya Ijumaa alinipitisha chumbani kwake, akaitoa, akakata kwa mkasi ule mstari wenye jina lako, akanipa. Wengine wote akawarudisha mahali pao. Kipande hicho ndicho nilichokitia humu ndani ya bahasha. Ni maandishi yangu na ni jina lako na la bibi, kwa hiyo sikuthubutu kukichana mimi. Kifanye upendavyo.

Sasa ninachokuomba. Siombi unisamehe leo. Kasirika kwanza, nitukane kwa lugha zote tatu unazozijua, ninastahili. Ukitaka kukaa kimya nawe wiki tano, kaa, nitahesabu kwamba ni haki yangu. Ninachoomba ni kwamba ukimaliza hasira usiniondolee radhi yako, kwa sababu huku sina kingine nilichotoka nacho nyumbani. Begi nililonunua Pemba limeshachanika, viatu nimebadilisha, lugha nimerudishwa chini. Radhi yako tu ndiyo bado ni ile ile uliyonipa pale kwenye chapa, ulipoingiza mkono dirishani ukanishika kichwa. Na jambo la mwisho, tafadhali nenda msikitini ukaseme kwamba sikuwa wa kwanza. Najua ni uchungu kwako. Ningelisema mwenyewe kama ningekuwepo.

Mama umwambie unavyoona inafaa, ila la uchuro usimwambie, hatalala. Nisalimie dada yangu Mwanacha anayeuza uji pale karibu na soko, mwambie kimya changu hakikumhusu yeye. Nisalimie mjomba Bakari wa Rongui, anayekausha samaki na kutusi jua kwa kuchelewa, na shangazi Amina wa Diaca anayelima mihogo, mwambie bado namdai yule jogoo, atacheka. Mwadhini umrudishie ule mkono aliokupa wewe kwa ushindi ambao haukuwepo.

Leo ni Jumapili. Ndiyo siku ambayo ingekuwa arobaini yako. Nimekaa peke yangu mezani tangu asubuhi, na sasa nimemaliza yote.

Ni mimi mwanao niliyekukosea, ninayeitwa jina la baba yako,
Amade

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Nimewasha simu kama nilivyoruhusiwa. Namba ya siri niliikosea mara mbili. Zilikuwemo sauti kumi na moja. Kwa woga nilianza na ya mwisho, ya jana, nikaiweka sikioni nimefumba macho.

Nikasikia cherehani kwanza, inakwenda, halafu ikasimama. Halafu ukakohoa. Ni wewe, baba. Hukuuliza prova, hukuuliza nimekasirikia nini, hukunipa hata salamu. Ulisema, "Hijo," kisha ukasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Dime si estás vivo." Mwanangu, niambie kama uko hai.

Nimelia mpaka jirani amegonga ukuta. Nimekujibu kwa maneno mawili tu, estoy vivo, niko hai, sikuongeza hata moja. Haya mengine subiri yakufikie kwa mkono.